Infocom na Zork: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapotajwa historia ya gemu za kompyuta za nyumbani, jina la Infocom halikosekani, na maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni fupi: kampuni iliuza gemu za maandishi, picha zikaja, kampuni ikafa. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa juu juu. Ukifuatilia fedha zilivyoingia na zilivyotoka, unaona jambo jingine. Wenye Infocom waliichukulia gemu kuwa njia ya kupatia mtaji wa biashara waliyoiona ndiyo ya maana, na ni huko walikoangukia.

Infocom ilikuwa kampuni gani?

Ilikuwa kampuni ya Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Ilianzishwa Juni 1979 na ofisi yake ikafungwa Mei 1989. Katika miaka hiyo kumi ilitoa gemu za maandishi zipatazo 35, na iliyovuma kuliko zote ni ile ya kwanza, Zork.

Gemu ya maandishi inachezwaje?

Hakuna picha. Kompyuta inakuandikia mahali ulipo na unachokiona, kisha inakusubiri uandike unachotaka kufanya.

Zork inaanza hivi: umesimama uwanjani, magharibi mwa nyumba nyeupe ambayo mlango wake wa mbele umepigiliwa mbao. Karibu yako kuna kisanduku kidogo cha barua. Ukiandika kwamba unakifungua, unaambiwa ndani kuna kipeperushi. Ukiagiza kukisoma, unakisoma. Unazunguka nyuma ya nyumba, unakuta dirisha lililoachwa wazi kidogo, unalisukuma na kuingia jikoni. Mezani kuna mfuko na chupa ya maji. Sebuleni kuna taa ya shaba, upanga na zulia kubwa. Ukilisogeza zulia unaona mlango sakafuni, na chini yake ndiko gemu yenyewe iliko: mapango, hazina, mwizi anayekuvizia na kukupora ulichookota. Ukishuka bila kuwasha taa, gizani kuna kiumbe aitwaye grue, naye hula watu. Na taa ina betri, kwa hiyo ukizubaa inazimika.

Gemu nyingi za maandishi za wakati huo zilielewa maneno mawili tu, kitenzi na jina la kitu. Zork ilielewa sentensi nzima. Ungeweza kuiambia ichukue kila kitu isipokuwa upanga, au iweke taa na kamba ndani ya kabati, nayo ikafanya. Kwa mtu aliyezoea kompyuta inayogoma kwa sababu ya nukta moja iliyokosewa, huo ulikuwa muujiza.

Zork ilianzaje?

Ilianzia chuoni MIT mwaka 1977. Mapema mwaka huo gemu iitwayo Adventure, kazi ya Will Crowther iliyoendelezwa na Don Woods, ilisambaa kwenye ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, ikashika watu hadi kazi zikasimama kwenye maabara kadhaa. Vijana wanne wa maabara ya sayansi ya kompyuta pale MIT, yaani Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling, waliimaliza, kisha wakasema wanaweza kutengeneza iliyo bora zaidi. Wakaiandika kwa lugha ya programu iitwayo MDL kwenye kompyuta kubwa aina ya PDP-10. Mtu yeyote aliyekuwa na njia ya kuifikia mashine yao kupitia mtandao aliweza kuicheza, na wao wakaendelea kuiongezea vyumba na mafumbo kwa takriban miaka miwili. Haikuwa biashara. Walikuwa wanaifanya kwa raha zao.

Kampuni ilianzishwa na nani, na kwa mtaji kiasi gani?

Waanzilishi walikuwa kumi, wote wenye uhusiano na MIT. Mbali na Anderson, Blank na Lebling, walikuwemo Joel Berez, Stu Galley, Al Vezza na J.C.R. Licklider, yule yule aliyesimamia ofisi ya serikali ya Marekani iliyofadhili utafiti uliozaa mitandao ya kompyuta. Mtaji wao wote kwa pamoja ulikuwa dola 11,500.

Hapa pana jambo ambalo watu hulipita haraka. Walipojisajili hawakuwa na bidhaa. Walijua tu kwamba wao ni watu hodari wa programu, kwamba kompyuta ndogo zinakuja, na kwamba wangependa kuendelea kufanya kazi pamoja baada ya chuo. Baadhi yao, Vezza akiwa mstari wa mbele, walitazamia kuuza programu za ofisini. Zork ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa tayari ipo na ingeleta fedha haraka. Lengo la muda mrefu lilibaki pale pale, na miaka mitano baadaye lilirudi kudai haki yake.

Gemu iliyoandikwa kwa kompyuta kubwa iliingiaje kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ndilo urithi mkubwa wa Infocom.

Zork ya PDP-10 ilikaribia megabaiti moja. Kompyuta za nyumbani walizozilenga, TRS-80 na Apple II, zilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 au 48, na flopi moja ambayo haikufika hata kilobaiti 200. Isitoshe, kila aina ya kompyuta ilikuwa na kichakataji chake na tabia zake. Programu ya hii haikufanya kazi kwenye ile.

Blank, ambaye alikuwa amesomea udaktari, na Berez walikaa chini wakabuni kompyuta ambayo haipo. Waliiita Z-machine. Ni mashine ya karatasini: ina amri zake, kumbukumbu yake na namna yake ya kuhifadhi maneno. Gemu iliandikwa kwa ajili ya mashine hiyo tu, kwa lugha waliyoiita ZIL. Kisha kwa kila kompyuta halisi wakaandika programu ndogo ya kuisomea gemu na kuigeuza kuwa amri ambazo kompyuta ile inazifahamu. Programu hiyo tuiite mkalimani. Ikitoka kompyuta mpya sokoni, unaandika mkalimani mmoja, na gemu zako zote zinafanya kazi siku hiyo hiyo. Infocom ilifikia aina zaidi ya 20 za kompyuta kwa njia hii, wakati washindani wao walikuwa wanaandika upya kila gemu kwa kila mashine.

Kwenye kubana nafasi walikuwa mahodari zaidi. Herufi ya kawaida kwenye kompyuta huchukua biti 8. Wao waliipa biti 5, hivyo herufi tatu zikaingia kwenye baiti mbili. Maneno yaliyojirudia sana yalifupishwa kwa alama. Kamusi ya gemu ilitunza herufi sita tu za mwanzo za kila neno, kwa hiyo mchezaji angeweza kuandika neno refu nusu na bado akaeleweka. Sehemu za gemu zisizobadilika zilikaa kwenye flopi na kuletwa kwenye kumbukumbu pale tu zilipohitajika, na ndiyo maana ukiicheza kwenye mashine ya zamani unasikia diski ikikwaruza unapoingia chumba kipya. Hata hivyo Zork haikuingia yote. Waliikata vipande vitatu, ikawa Zork I, II na III, na kuongeza mapya kwenye vipande viwili vya mwisho.

Je, waliiuza wenyewe tangu mwanzo?

Hapana. Zork I ilitolewa mwishoni mwa 1980 na Personal Software, kampuni iliyokuwa ikiuza VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu. Boksi lake lilikuwa na mchoro wa shujaa mwenye masharubu akiinua upanga, mchoro ambao waandishi wa gemu hawakuupenda hata kidogo. Mwaka 1981 Personal Software waliamua kujikita kwenye programu za biashara na kuachana na gemu. Infocom wakanunua nakala zilizobaki na kuanza kuuza wenyewe.

Mbona mashabiki wanazungumzia sana maboksi?

Kwa sababu hakukuwa na maboksi kama yale. Yote yalianzia kwenye Deadline, gemu ya upelelezi ya Marc Blank iliyotoka 1982. Unachunguza kifo cha tajiri mmoja, na una saa 12 tu za kumpata mhusika. Maelezo ya kesi yalikuwa mengi kupita nafasi iliyokuwepo kwenye diski. Badala ya kuyakata, wakayachapisha na kuyaweka kwenye boksi: mahojiano ya polisi na watu wa nyumba ile, ripoti ya uchunguzi wa maiti, barua, picha ya chumba alimofia, na kifuko kidogo cha plastiki chenye vidonge vilivyookotwa karibu na mwili. Ukilifungua boksi, kabla hata hujawasha kompyuta, tayari una faili la kesi mezani.

Wateja walivipenda vikorokoro hivyo, ambavyo Infocom wenyewe waliviita feelies, na kuanzia hapo kila gemu ikaja na vyake. Starcross iliuzwa ndani ya boksi lenye umbo la sahani inayoruka angani. Suspended ilikuwa na uso wa plastiki unaokukodolea macho dukani. Vilikuwa na faida nyingine pia: mara nyingi namba au ramani ya lazima ilikuwa kwenye karatasi, hivyo aliyenakili diski kwa rafiki yake alikwama njiani.

Mtu akikwama alifanyaje bila intaneti?

Aliandika barua. Mike Dornbrook, mmoja wa waliowahi kuijaribu Zork kabla haijauzwa, alianzisha umoja wa wachezaji wa Zork na kujibu barua za waliokwama, akiwauzia pia ramani. Kisha akaja na vijitabu vya InvisiClues vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Unapitisha kalamu maalumu juu ya karatasi, na maneno yanajitokeza. Kila swali lilikuwa na majibu kadhaa, la kwanza likiwa kidokezo hafifu na la mwisho likikupa jibu zima, ili usiharibiwe raha zaidi ya ulivyotaka mwenyewe. Viliuzwa kwa wingi sana.

Ni kweli walikuwa wakijivunia kutokuwa na picha?

Kweli kabisa, kwenye matangazo yao ya magazetini. Moja lilionyesha ubongo wa binadamu na kudai kwamba hapo ndipo picha zao zinapokaa. Na wakati ule dai hilo halikuwa majigambo matupu. Picha za kompyuta za wakati huo zilikuwa miraba michache yenye rangi nne. Aya moja iliyoandikwa na Dave Lebling ilikuonyesha pango bora zaidi.

Ni waandishi gani wa kuwajua?

Lebling na Blank nimeshawataja. Steve Meretzky alianza kama mjaribu gemu, kisha akaandika Planetfall mwaka 1983, yenye roboti mdogo aitwaye Floyd anayekufuata kama mtoto. Watu wazima waliandika barua kuelezea walivyolia kwa ajili yake. Mwaka uliofuata Meretzky alishirikiana na mwandishi Mwingereza Douglas Adams kuigeuza hadithi yake ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy kuwa gemu, ikawa moja ya zilizouzwa zaidi katika historia ya kampuni. Mwaka 1985 akatoa A Mind Forever Voyaging, ambayo karibu haina mafumbo: wewe ni kompyuta yenye fahamu, unatumwa kutembelea mji mmoja wa Marekani miaka kumi mbele, ishirini, thelathini, kuona sera za serikali zimewafanya nini watu. Unaona kwa macho yako familia yako inavyoharibikiwa. Hadi leo ni gemu chache zilizothubutu kusema jambo la siasa kwa uwazi ule.

Brian Moriarty aliandika Wishbringer, iliyo rahisi kwa wanaoanza, na Trinity ya 1986, inayohusu bomu la nyuklia na jaribio la kwanza la mwaka 1945 kule New Mexico. Amy Briggs aliandika Plundered Hearts, hadithi ya mapenzi na maharamia ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke. Kwa maoni yangu Trinity ndiyo kilele chao, na inauma kujua kwamba iliandikwa wakati kampuni tayari inazama.

Cornerstone ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Cornerstone ilikuwa programu ya hifadhidata: ya kutunza na kupanga taarifa za wateja, bidhaa, ankara na madeni. Ndiyo ile biashara "ya maana" iliyokuwa ikisubiriwa tangu 1979.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Soko lilikuwa mikononi mwa dBase ya Ashton-Tate, na dBase ilimtaka mtumiaji ajue kuipangia amri kama mwandishi wa programu. Cornerstone ilikusudiwa kwa mtu wa ofisini asiyejua programu, ajitengenezee mfumo wake kwa kujibu maswali ya kwenye skrini. Kazi ilianza 1982. Mwaka 1984 Vezza akachukua nafasi ya Berez kama mkuu wa kampuni, na uzito wote ukahamia huko. Wakaajiri hadi wafanyakazi wakakaribia 100, wakahamia kwenye jengo la kifahari zaidi, wakakopa. Yote haya yaliwezekana kwa sababu gemu zilikuwa zinaingiza fedha: mauzo ya 1983 yalikuwa takriban dola milioni 6, na ya 1984 takriban milioni 10. Cornerstone ilimeza kama dola milioni 2.5 kabla ya kufika dukani.

Ilitoka Januari 1985 kwa bei ya dola 495. Magazeti ya kompyuta yaliisifu kwa urahisi wa kuitumia. Wanunuzi hawakuja. Sehemu ya sababu ilikuwa ule ule ustadi uliowapa ushindi kwenye gemu. Cornerstone nayo iliandikwa kwa mashine ya kubuni ili ifanye kazi kwenye kompyuta za kila aina, lakini kufikia 1985 ofisi za Marekani zilikuwa zimekwisha kuamua: ni IBM PC na zinazofanana nayo. Uwezo wa kuhamia kwenye mashine nyingine haukuwa na mteja, na uwezo huo uliifanya programu iende polepole. Mchezaji wa Zork hajali kusubiri sekunde mbili. Karani mwenye rekodi elfu kumi anajali sana. Tena wale mafundi waliokuwa wakiwashauri wafanyabiashara programu ya kununua walitaka kitu wanachoweza kukiandikia programu, na Cornerstone haikuwapa nafasi hiyo.

Bei ikateremshwa hadi dola 99.95. Zikauzwa kama nakala 10,000 tu. Kufikia mwishoni mwa 1985 wafanyakazi walikuwa wamepunguzwa hadi karibu 40, na kampuni iliyokuwa ikipata faida nzuri miaka miwili kabla ilikuwa ikihesabu siku.

Kwa hiyo Vezza ndiye wa kulaumiwa?

Sikubaliani na wanaommwagia lawama zote. Hakuidanganya kampuni wala hakubadili mwelekeo kwa ghafla. Alifanya kile waanzilishi walichokubaliana walipochanga zile dola 11,500, na wenzake kwenye bodi waliridhia. Lawama yangu ni kwa jinsi walivyoweka kila kitu kwenye bidhaa moja isiyojaribiwa, bila kuyatenga mapato ya gemu ili yabaki salama ikishindikana. Na ni kwa wote kutoiona hazina waliyokuwa nayo. Walikuwa wanaongoza katika kazi ambayo hakuna mwingine duniani aliyeiweza vizuri kama wao.

Activision iliingiaje?

Activision, kampuni nyingine ya gemu, iliinunua Infocom Juni 1986, kwa takriban dola milioni 7.5, sehemu kubwa ikiwa ni hisa badala ya fedha taslimu. Mkuu wa Activision wakati huo, Jim Levy, alikuwa mpenzi wa gemu za Infocom na aliahidi kutowaingilia. Mwanzo ulikuwa wa furaha kiasi kwamba iliandaliwa harusi ya kuigiza kati ya kampuni hizo mbili.

Nini kiliharibika baada ya hapo?

Levy aliondoka mwanzoni mwa 1987, nafasi yake ikachukuliwa na Bruce Davis, ambaye tangu awali hakuuunga mkono ununuzi ule. Gemu zikatakiwa zitoke nyingi zaidi: kwa mwaka 1987 peke yake zilitoka zipatazo 8, ilhali zamani 4 au 5 zilitosha. Kazi ya kufungasha ilihamishiwa kwa Activision na ikawa ghali kuliko Infocom walipokuwa wakiisimamia wenyewe.

Kuna uamuzi mmoja ambao wasimuliaji wengi hawaupi uzito unaostahili. Gemu nyingi huuzwa miezi michache kisha husahaulika. Za Infocom zilikaa kwenye rafu miaka. Zork I ilikuwa bado inanunuliwa miaka mitano baada ya kutoka, bila gharama yoyote mpya ya kuiandika, na mauzo hayo ya zamani ndiyo yaliyolipa mishahara wakati wa kutunga mpya. Uongozi mpya uliiona orodha ya zamani kama inayozibia bidhaa mpya nafasi dukani, ukaipunguza. Hapo wakawa wamekata chanzo cha uhakika cha mapato cha kitengo kizima.

Kwani picha hazikuchangia hata kidogo?

Zilichangia. King's Quest ya Sierra ilitoka 1984, na Maniac Mansion ya Lucasfilm 1987. Kompyuta kama Amiga zilionyesha rangi maelfu. Mnunuzi wa 1987 aliyesimama dukani aliona skrini inayong'aa upande mmoja na boksi linalomsifia maneno upande mwingine. Infocom nao walijaribu kuweka picha kwenye Zork Zero, Shogun, Journey na Arthur kati ya 1988 na 1989, lakini walikuwa wachache, wamechoka, na vifaa vyao havikujengwa kwa kazi hiyo.

Ila jiulize: kama zile dola milioni 2.5 za mwaka 1983 na 1984 zingewekwa kwenye injini ya gemu yenye picha, mikononi mwa waandishi wale? Walikuwa na miaka mitatu ya kujiandaa na fedha za kuifanya kazi hiyo. Ndiyo maana nasema picha zilikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa imeuza akiba yake.

Ilifungwa lini hasa?

Mei 1989. Activision, ambayo wakati huo ilikuwa imejiita Mediagenic, ilifunga ofisi ya Cambridge. Baadhi ya wafanyakazi waliobaki walipewa nafasi ya kuhamia California. Wachache tu walikubali.

Baada ya hapo?

Mediagenic yenyewe iliingia kwenye ufilisi na kupangwa upya chini ya uongozi mpya wa Bobby Kotick, ikarudia jina la Activision. Moja ya bidhaa zilizoisaidia kusimama tena ilikuwa The Lost Treasures of Infocom ya mwaka 1991, mkusanyo wa gemu 20 za zamani kwenye boksi moja. Zilishalipiwa gharama zote miaka mingi nyuma. Kilichobaki kilikuwa kuzinakili na kuziuza. Return to Zork, yenye picha na waigizaji, ikafuata 1993.

Ile mashine ya kubuni iliishia wapi?

Haikuishia. Mashabiki waliichunguza gemu baiti kwa baiti hadi wakaielewa Z-machine bila msaada wa kampuni, wakaandika wakalimani wao. Mwaka 1993 Graham Nelson wa Oxford, Uingereza, alitoa Inform, chombo cha bure kinachomwezesha mtu yeyote kuandika gemu mpya kwa Z-machine. Tangu 1995 kuna mashindano ya kila mwaka ya gemu za maandishi. Mwaka 2019 mtunza kumbukumbu Jason Scott aliweka hadharani msimbo chanzo wa gemu za Infocom, na Novemba 2025 Microsoft, ambayo ilimiliki Activision tangu 2023, iliupa msimbo wa Zork I, II na III leseni huria ya MIT. Leseni hiyo inahusu msimbo tu. Jina Zork, maboksi na matangazo havimo.

Naweza kuzicheza leo kwenye simu?

Unaweza. Tafuta mkalimani kama Frotz, au Parchment inayofanya kazi ndani ya kivinjari, kisha uipe faili la gemu. Kuhusu bando usiwe na wasiwasi: faili la Zork I ni chini ya kilobaiti 100, dogo kuliko picha nyingi unazotumiwa WhatsApp.

Kiingereza changu ni cha kawaida. Nitaweza?

Amri utakazoandika ni fupi na zinajirudia, kwa hiyo kuandika si shida. Kusoma ndiko kunakohitaji subira, hasa kwa Trinity. Weka kamusi karibu.

Inawezekana kuandika gemu ya namna hii kwa Kiswahili?

Inawezekana, na natamani kuiona. Inform imeshawekewa Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani na watu waliojitolea. Kiswahili kingehitaji mtu wa kuandika sehemu inayosoma amri, na kuna mahali kingekuwa na nafuu: mchezaji akiandika "kifungue", programu inajua anazungumzia kisanduku na si mlango, wakati kwa Kiingereza ingelazimika kubahatisha. Mchezaji wetu hangelazimika kulitaja jina la kitu kila mara.

Nianze na ipi?

Wishbringer, kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya mgeni na mafumbo yake mengi yana njia mbili za kuyatatua. Ukiimaliza, nenda Planetfall. Zork I iendee ukiwa na karatasi na kalamu, kwa maana bila kuchora ramani utapotea kwenye vichochoro vyake, na uhifadhi mchezo kabla ya kila jambo la hatari. Tahadhari moja kuhusu Zork II: kuna vyumba vyenye pembe za ajabu ambavyo siri yake ni kanuni za besiboli. Wachezaji wengi wa nje ya Marekani walikwama hapo, na hata Infocom walikuja kukiri kwamba fumbo lile halikuwa la haki. Ukifika kwenye maumbo ya almasi, tafuta jibu lake uendelee na safari.